Patroni Mmoja wa Mama Fundi

Alikuwa na patroni mmoja tu, na kwetu Kamina neno hilo lina watu wawili ndani yake. Patroni ni mkubwa wa kazi, yule anayeandika jina lako au kulifuta. Patroni pia ni karatasi ya fundi: kipande cha mbele, kipande cha mgongo na kipande cha mkono, ambavyo hulazwa juu ya kitambaa kabla ya kukata. Neno lilikuja hivyo na Kifaransa, nasi tukalipokea hivyo hivyo bila kuliuliza habari zake.

Kwa neno hilo, na kwa mdomo wangu, Mama Fundi alipoteza nyumba yake. Nilikaa na jambo hili miaka sita bila kumwambia mtu. Lakini ngoja kwanza nimweleze alivyokuwa, maana nikianza na kosa langu nitajisemea mwenyewe mpaka mwisho, na mimi najijua, napenda kujisemea.

Alikuwa mfupi, miguu mipana, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe hata siku za kazi. Kambi nzima ya reli ilimwita Mama Fundi, na sidhani kama wengi walijua jina lake jingine. Alitufundisha kushona, sisi mabinti na wake wa wafanyakazi, katika chumba kimoja cha matofali nyuma ya zahanati. Mume wake alikuwa mtu wa reli na alikuwa amefariki. Desturi ya kambi ilikuwa kwamba mjane akimaliza kilio anafunga mizigo, kwa kuwa nyumba ni ya kazi na kazi ilikuwa ya marehemu. Yeye aliachwa kwa sababu alifundisha, na wakubwa walipenda kuona wake za wafanyakazi wamevaa blauzi siku ya misa. Kwa hiyo paa lake lilishikwa na uzi, na alilijua hilo. Kila asubuhi alifagia uwanja wake kana kwamba mtu anakuja kuukagua.

Alizungumza na pini mdomoni. Ilitubidi kujifunza kumsikia, maana Kiswahili chake kilichanganyika na Kiluba, na vyote viwili vilipita katikati ya pini sita au saba. Ukimwona anazitoa mdomoni na kuzichoma kwenye kitambaa, ujue leo kuna maneno.

Patroni wake aliukata kutoka karatasi ya ndani ya mfuko wa sementi. Ulikuwa na rangi ya ugali ulioungua, umelainika kama ngozi, umejaa matundu ya pini. Hakuusema kama kitu. Aliusema kama mtu. “Patroni amelala,” alituambia akiukunja. “Patroni amechoka leo, mumuache.” Na kutoka karatasi ile moja nimeona zikitoka blauzi ambazo usingeamini ni ndugu. Akitaka blauzi yenye marinda kifuani, aliusogeza patroni vidole viwili kutoka kwenye mkunjo wa kitambaa, upana ukazaliwa hapo. Akitaka ya vifungo mbele, aliongeza kidole kimoja na nusu ukingoni. Kwa mama anayenyonyesha, alifungua mbele na kuficha mlango ndani ya rinda, hata padri asingejua. Kwa mikono ya kuvimba, waliyoipenda sana wake za makarani, alichora kwanza mkono juu ya gazeti, akalikata gazeti vipande virefu, akavitawanya kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kisha akakata kitambaa kwa kufuata nje yake. Gazeti lilikatwa. Patroni mwenyewe hakuguswa kamwe na makasi. Alizungukwa na mkaa tu, kisha akarudi kulala.

Na kulikuwa na mahali pamoja ambapo hata mkaa haukuruhusiwa kupotea.

“Shingo unaweza kubadilisha,” alituambia. “Mukono unaweza. Tumbo njo inabadilikaka yenyewe, haikuulize. Lakini bega, hapana. Bega njo muntu.”

Bega ndilo mtu. Tulicheka, maana tulikuwa wasichana na tulicheka kila kitu. Lakini ni kweli kwamba blauzi ikikaa vizuri begani, mengine yote yanasameheka. Ikikosea begani, hata ukiipamba namna gani, utakuwa unaivuta misa nzima.

Vipimo vyetu hakuviandika, kwa sababu hakujua kuandika. Kila mwanamke alikuwa na kamba yake ya katani, imening'inia ukutani kwenye msumari wake, na juu yake mafundo manne: bega, kifua, kiuno, urefu. Metri, ule utepe wa kupimia aliopewa na masista wa misheni, aliivaa shingoni siku wageni walipokuja kutazama kazi. Siku nyingine ilifunga mlango wa banda la kuku. Ukiingia chumbani uliona kamba arobaini ukutani na yeye hakukosea hata moja. Alipitisha vidole tu, akasema hii ni ya mke wa karani, hii ni ya yule wa Kasai anayeongea na mbuzi wake.

Kwa njia ya kamba hizo alijua siri za kambi nzima. Fundo la kiuno likihama, alijua mimba kabla ya mama mkwe. Likirudi nyuma ghafla, alijua pia, na wiki hiyo alipeleka uji kwenye nyumba fulani bila kusema kwa nini. Hakumwambia mtu, hata siku moja. Midomo iliyofunguka ovyo aliichukia kuliko wizi. Kulikuwa na mama mmoja aliyepeleka habari ya kiuno cha jirani yake mpaka kisimani. Mama Fundi hakumgombeza. Alitoa kamba yake msumarini, akafungua mafundo yote manne mbele yetu, akafungia kuni. Mama yule hakushonewa tena. Alilia, alileta kuku, aliomba kwa katekista. Kuku alirudishwa akiwa hai.

Ndiyo maana nasema hakuwa mtakatifu. Siku ya Jumapili alipokea komunyo akiwa ameinama, na Jumatatu alikuwa na watu watatu asiowasalimu. Alituhubiria tusijivune, lakini blauzi yake ya Pasaka ilikuwa na kola tatu, moja juu ya nyingine. Alisema haraka ni ugonjwa, kisha akatupigia kelele kwamba tunashona kama kobe.

Blauzi yangu ya kwanza niliikata mikono miwili ya kushoto. Niligeuza patroni vibaya, na nilikwisha kushona mkono mmoja kinyume kabla sijatambua. Aliinua blauzi mbele ya wote.

“Aa, mama. Weye Vidye alikuumba na mikono mbili ya kushoto? Atakuoa nani?”

Wote walicheka, na mimi nikaanza kulia kwa hasira. Akakaa karibu nami, akatoa wembe, akaanza kukata nyuzi moja moja.

“Kufumua haiko haya,” akasema kwa sauti ndogo. “Haya njo kuvaa makosa.”

Tulifumua pamoja mpaka saa ya kwenda kuchota maji. Siku ile nilimpenda, na bado nampenda, na hilo ndilo linalonisumbua.

Aliishi na mtoto wa dada yake, Ngoie, msichana wa umri wangu. Ngoie alikuwa na kigugumizi, na ukimwangalia tu aliinamisha macho, hata kama hakuna alichofanya. Lakini mikono yake! Mshono wake ulinyooka kama reli ya kwenda Bukama. Mama Fundi alimgombeza kuliko sisi wote, na sote tulijua maana yake. Kamba ya Ngoie ndiyo iliyokuwa kwenye msumari wa kwanza, karibu na mlango.

Sasa nifike pale.

Patroni alipozeeka, matundu ya pini yakaungana na kuwa mipasuko, ilibidi kukata mwingine juu yake. Hii ilikuwa siku kubwa. Wanawake wote walikuja na makasi, na kila mmoja alijikatia wake wa nyumbani. Ijumaa moja Mama Fundi alitutangazia: “Siku ya kwanza tunakata patroni. Huyu wa zamani amemaliza kazi yake.” Siku ya kwanza, kwetu, ni Jumatatu.

Jumamosi ilikuwa siku ya posho, yaani mgao wa unga na samaki ambao kazi iliwapa wafanyakazi. Mama yangu alikuwa na homa, nikaenda badala yake. Ngoie alikuwa nyuma yangu kwenye mstari, ametumwa na Mama Fundi. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali, na mimi siwezi kusimama kimya. Jirani mmoja akaniuliza kama Jumatatu tutakwenda wote kutafuta kuni.

“Siku ya kwanza minyi siko,” nikasema kwa sauti, yaani mimi sipo. “Tunakata patroni.”

“Patroni gani?”

Niliona wanawake wamegeuka. Niliona pia polisi wa kambi amesimama karibu na mzani, mgeni, aliyetoka mbali, hajui habari za kushona. Nilijua vizuri neno lile lina watu wawili ndani yake. Nikaongeza chumvi.

“Ule wa zamani! Mama Fundi anasema amechoka, hana kazi tena. Banamuke bote banakuya na makasi. Na tunaanza na shingo.”

Mstari mzima ulicheka. Nilicheka mimi kuliko wote. Ngoie peke yake hakucheka. Alinivuta kitambaa nyuma, nikausukuma mkono wake.

Ilikuwa miaka ambayo wakubwa hawakulala vizuri. Watu watano wakisimama pamoja njiani, waliulizwa. Jumatatu, wanawake ishirini tumezunguka meza, makasi mkononi, mlango ukafunguliwa. Aliingia mzungu mkubwa wa kambi, polisi wawili, na karani wa kutafsiri.

“Patroni iko wapi?” mzungu akauliza mwenyewe kwa Kiswahili.

Mama Fundi, pini mdomoni, akanyoosha kidole mezani. “Njo huyu.”

Kisha mtu akapasuka kicheko, na wote tukafuata, hatukuweza kujizuia. Mzungu alichukua ile karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, matundu yote yakaonekana. Akacheka naye, masikio yamekuwa mekundu. Karani alieleza kwamba ni binti mmoja wa kushona aliyesema maneno yale kwenye posho, jina halijulikani. Wakaondoka. Tukadhani yamekwisha.

Lakini kicheko kilimfuata mzungu yule. Tulisikia kwa wapishi kwamba wenzake walimuuliza kila jioni kama shingo yake bado ipo. Wiki mbili hazikupita. Ikaja barua: chumba cha kushona kitakuwa ghala, na nyumba ya mjane inahitajika kwa mfanyakazi. Hapakuwa na neno lolote juu ya patroni. Hapakuhitajika.

Siku ya mwisho Mama Fundi alituita tuje kuchukua kamba zetu. Alitoa pini mdomoni, akazichoma kwenye mkono wa blauzi yake, moja moja. Nilizihesabu kwa hofu.

“Nani alisema ku posho?” akauliza. “Siulize juu ya kupiga muntu. Nataka kuyua tu.”

Kati ya washonaji, ni Ngoie na mimi tu tuliosimama sehemu ile ya mstari. Mama Fundi alijua kwamba Ngoie alikwenda kwenye posho, maana alimtuma. Hakujua kwamba na mimi nilikwenda. Akamwangalia mtoto wa dada yake, na Ngoie, kama kawaida yake, akainamisha macho.

“Weye?”

“M-m-m...” Ngoie alijaribu. Neno likakataa kutoka.

“Basi,” akasema Mama Fundi.

Akaenda kwenye msumari wa kwanza karibu na mlango. Akafungua fundo la urefu, fundo la kiuno, fundo la kifua. La bega lilikuwa limekaza sana, akalifungua kwa meno. Nami nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na nitasema nilichosikia moyoni kwa sababu sitaki kukisema tena: nilishukuru. Nilishukuru Mungu kwamba si mimi.

Mama Fundi alipanda lori kwenda Kabongo. Ngoie alirudishwa kwa baba yake Kaniama, na hawakupanda lori moja.

Niliolewa. Nilizaa mara mbili. Nilishona kwa patroni wangu wa sementi, na kila nilipoulaza kitambaani niliona meno ya Mama Fundi yakivuta lile fundo. Nilijiambia Ngoie amesema, hakika amekwisha kusema, watu wa damu moja hawagombani milele. Uongo huo niliuvaa miaka sita, ukanizoea.

Mwaka wa sita mume wangu alipata kazi ya wiki moja Kabongo, nikamfuata na kitambaa cha maua kikapuni. Nilimkuta Mama Fundi barazani mwa duka la Mgreki, na mashini ya kushona ambayo si yake. Macho yalikuwa yamepungua, sindano aliishika karibu na pua. Nilimsalimu kwa goti moja, kama tunavyosalimu wakubwa, bila kutaja jina. Hakunijua. Nikasema nataka blauzi. Akasimama, akaweka mikono miwili mabegani mwangu.

“Kushoto inashuka kidogo,” akasema polepole. Kisha akapiga makofi. “Weye! Weye wa mikono mbili ya kushoto!”

Akanikumbatia. Akaniletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kwenye kikombe, akaniuliza watoto, akaniuliza mama. Kamba yangu alikuwa bado anayo, maana siku ile nilikimbia bila kuichukua. Aliitoa kwenye fungu, akaipima mwilini mwangu, akacheka kiuno kilivyokimbia.

“Weye ulikuwa mutoto ya kweli,” akasema. “Mudomo mingi, lakini moyo wazi. Haiko sawa ule mwingine.”

Nikaona juu ya rafu vitambaa vitatu vimekunjwa, vya rangi tatu, vumbi juu yake. Nilijua kabla sijauliza.

“Ni ya nani, Mama?”

“Ya Ngoie. Ni miaka tatu sasa, kila mwaka kiisha mavuno anatuma kimoja na lori. Anataka nimushonee blauzi. Haombe pole, hatume neno. Anatuma kitambaa tu.” Akaweka pini mdomoni. “Minyi siwezi kukata.”

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza tena. Lori lilikuwa barabarani, mume wangu alikuwa akiningoja, munkoyo ulikuwa mtamu. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nadhani ni ile kauli yake ya moyo wazi.

“Mama,” nikasema, “ku posho ilikuwa minyi.”

Hakusikia, au alijifanya hakusikia.

“Ngoie hakusema kintu. Ni minyi njo nilisema. Ya kukata, ya shingo, yote. Yeye alinikamata kitambaa juu ninyamaze.”

Akatoa pini mdomoni. Aliziweka mezani moja moja, na moja ikaanguka chini, hakuiokota.

“Miaka sita,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Unaivaa miaka sita.”

Nilitaka anipige. Ingekuwa nafuu. Yeye aliinuka, akashusha kitambaa cha kwanza rafuni, cha buluu, akakipangusa vumbi, akakitandaza. Akaulaza patroni juu yake, akachukua mkaa. Mkono ukasimama hewani. Ulikaa hewani muda mrefu mpaka Mgreki akatoka dukani kuangalia.

“Siyue bega yake tena,” akasema Mama Fundi, na hapo ndipo alipolia.

Alipomaliza kulia, alikata kipande cha kamba ya katani, akanipa. “Enda Kaniama. Umuambie na ile mudomo yako. Kiisha umupime.”

Mume wangu aligomba, nikamwachia agombe. Kaniama nilimkuta Ngoie uwanjani akianika mahindi, mtoto mgongoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kutandaza mahindi kwa kiganja mpaka nikamaliza.

“Ni-ni-niliyua,” akasema. “Nilikuwa nyuma yako.”

“Na haukusema? Hata kiisha?”

“Mudomo ilikatala.” Akapangusa kiganja kwenye nguo: “Na yeye alikwisha fungua kamba.”

Akanigeuzia mgongo. Nilidhani ananifukuza, nikaanza kuondoka. Akamshusha mtoto chini, akateremsha kitambaa, akasimama wima, akinipa mabega yake nipime. Fundo la bega nililifunga mara tatu, kila mara nikilifungua na kupima upya.

Siku ya nne nilikuwa tena barazani Kabongo. Mama Fundi hakunisalimu, wala sikungoja anisalimu. Aliipokea kamba kwa mikono miwili, akafumba macho, akapitisha vidole. Alianzia chini: urefu, kiuno, kifua. Akafika fundo la juu, akasimama. Akailaza kamba juu ya patroni, akapima, akapima tena, akanitazama kama anayetaka niseme nimekosea kufunga.

“Nilifunga mara tatu, Mama.”

Akachukua mkaa. Na pale pale ambapo alitukataza sote kugusa, akaanza kuchora mstari mpya wa bega, kidole kizima ndani ya ule wa zamani.

“Hata bega,” akasema. “Amekonda hata bega.”